Nani ana wengi katika Seneti ya Kenya? Inategemea unahesabu nini

Mei 2020 Seneti ya Kenya ilipata Kiongozi wa Wengi kutoka chama chenye maseneta 3. Samuel Poghisio wa Pokot Magharibi, aliyechaguliwa kwa tiketi ya KANU, alichukua nafasi ya Kipchumba Murkomen wa Jubilee, chama tawala wakati huo, kilichokuwa na maseneta 34. Hapakuwa na uchaguzi wowote, na hakuna seneta aliyekuwa amehama chama chake. Waliosikia habari hiyo redioni walikuwa na haki ya kudhani mtangazaji ameteleza ulimi.

Mkanganyiko wa namna hiyo unarudi kila watu wanapoanza kupiga hesabu za uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Atakayeshinda urais anaibeba na Seneti? Kaunti moja ikibadilisha seneta, kuna kinachosogea Nairobi? Na hawa wa kuteuliwa, kura zao zina uzito au wako pale kujaza viti? Majibu yote yanapatikana kwa hesabu ya shule ya msingi, mradi ujue ni hesabu ipi inatumika wakati upi. Hapo ndipo wachambuzi wengi wa runingani wanapoteleza: wanataja namba moja ya walio wengi, ilhali Katiba inatumia tatu.

Viti 67 vinatoka wapi

Bunge la Kenya lina sehemu mbili: Bunge la Kitaifa, lenye wabunge wa maeneo bunge na wawakilishi wa wanawake, na Seneti, ambayo kazi yake kuu ni kulinda kaunti na fedha zao. Kifungu cha 98 cha Katiba ya 2010 kinaipa Seneti watu 67 wanaopiga kura. Kati yao, 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 hutoka kwenye orodha za vyama. Vijana ni 2, mwanamume na mwanamke, na watu wenye ulemavu ni 2, vilevile mwanamume na mwanamke. Hawa 20 wa orodha ndio tunaowaita maseneta maalum au wateule. Spika ni mtu wa 68, lakini hana kura. Kura zikilingana, Spika haokoi mtu: hoja imeanguka.

Wote 67 huingia pamoja na kutoka pamoja baada ya miaka mitano, siku ileile rais anapochaguliwa. Hili linafaa kusemwa kwa sauti kwa sababu Wakenya wengi hufuatilia siasa za Marekani kuliko za kaunti jirani, na huchukua kanuni za kule wakazileta hapa. Kule maseneta ni 100, wawili kwa kila jimbo, wanakaa miaka sita, na takriban theluthi moja ya viti hupigiwa kura kila baada ya miaka miwili. Kura zikilingana, makamu wa rais hutoa kura ya kuamua. Kenya haina uchaguzi wa katikati ya muhula, wala Naibu Rais hana kura Seneti. Majirani nao wana mambo yao: Tanzania na Uganda hazina bunge la juu kabisa, na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo maseneta huchaguliwa na mabunge ya mikoa, si na mwananchi moja kwa moja.

Chaguzi 47, si uchaguzi mmoja

Kosa la kwanza ni kuuona uchaguzi wa Seneti kama kivuli cha uchaguzi wa rais. Kura za urais hujumlishwa nchi nzima. Za seneta huishia kwenye mpaka wa kaunti. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 2.4. Lamu ilikuwa na takriban 81,000. Kila moja ilitoa seneta mmoja. Kwa hiyo mgombea urais anaweza kuvuna kura laki kadhaa za ziada Nairobi au Kiambu, akapanda kwenye jumla ya kitaifa, na hizo kura za ziada zisimwongezee chama chake hata nusu kiti katika Seneti.

Tena, mshindi wa kiti cha seneta hahitaji asilimia 50. Anayeongoza ndiye mshindi, hata kwa kura moja, hata kama theluthi mbili ya kaunti ilimkataa. Ndiyo maana vyama vilivyo kwenye muungano mmoja hugombana sana kuhusu nani aachiwe kaunti gani. Viwili vikisimamisha wagombea katika kaunti moja, vinagawana kapu lile lile la kura na mpinzani anapita katikati. Matokeo ya muungano katika Seneti huanza kuamuliwa kwenye mazungumzo hayo ya kuachiana, miezi kadhaa kabla ya karatasi za kura kuchapishwa.

Na mpiga kura? Wanasiasa humsihi apige suti, yaani achague chama kimoja kuanzia rais mpaka mwakilishi wadi. Wengi hupiga, lakini si wote, na wachache wanaokataa ndio huamua sura ya Seneti. Narok mwaka 2017 ilimchagua gavana wa Jubilee na seneta wa ODM, chama kikuu cha upinzani wakati huo. Kirinyaga mwaka huohuo ilimpa ugavana Anne Waiguru wa Jubilee, kisha ikampeleka Seneti mgombea huru, Charles Kibiru. Busia mwaka 2022 ilimchagua gavana wa ODM, lakini kiti cha seneta kikaenda kwa Okiya Omtatah, ambaye hakuwa wa ODM.

Kuna jambo jingine ambalo jumla za kitaifa hulificha. Mwaka 2017 ODM ilishinda viti 13 vya kaunti. Mwaka 2022 ikashinda 13 tena. Ukisoma jumla pekee utasema hakuna kilichobadilika. Lakini chama kilikuwa kimepoteza Turkana na Busia, kikapata Nairobi, iliyokuwa ya Jubilee, na Vihiga, iliyokuwa ya ANC. Kwa chombo ambacho kinapiga kura kwa kaunti, hilo si badiliko dogo: maslahi ya Nairobi kwenye ugavi wa fedha hayafanani hata kidogo na ya Turkana.

Viti vya orodha: hesabu yenyewe

Sasa hao 20 wa orodha. Watu wengi huamini kwamba rais huwateua, au kwamba chama tawala hupewa vya ziada. Si hivyo. Pia hakuna karatasi ya saba ya kura kwa ajili yao. Kila chama hupeleka orodha yake kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kabla ya siku ya kupiga kura, majina yakiwa yamepangwa kwa mpangilio wa kipaumbele. Matokeo ya kaunti 47 yakishatoka, tume hugawa viti kulingana na idadi ya viti vya kaunti ambavyo kila chama kimeshinda, kisha hushuka kwenye orodha kuanzia jina la kwanza.

Ugawaji wenyewe ni kama wa kikundi cha kuweka na kukopa kinapogawa faida mwishoni mwa mwaka: kila mmoja hupata kwa kadiri ya hisa zake. Hisa hapa ni viti vya kaunti. Kigumu ni kwamba shilingi ina senti, lakini seneta hakatwi vipande.

Chukua 2017, mwaka ambao hesabu yake inaonekana vizuri zaidi. Viti vya kaunti viligawanyika hivi: Jubilee 24, ODM 13, ANC 2, KANU 2, Wiper 2, Ford-Kenya 1, CCU 1, PDR 1, na mgombea huru 1. Jumla 47. Kwa viti 16 vya wanawake, chukua viti vya chama, zidisha kwa 16, gawanya kwa 47:

Jubilee: 8.17
ODM: 4.43
ANC, KANU na Wiper: 0.68 kila kimoja
Ford-Kenya, CCU na PDR: 0.34 kila kimoja

Anza na namba kamili. Jubilee inapata 8 na ODM 4, jumla 12. Vimebaki viti 4. Hivyo vinakwenda kwa wenye masalio makubwa zaidi: ANC, KANU na Wiper, wote kwa 0.68, wanachukua kimoja kimoja. Kimebaki kimoja. ODM ina 0.43, Ford-Kenya na wenzake wana 0.34, Jubilee ina 0.17. ODM inakichukua. Hivyo Jubilee 8, ODM 5, ANC 1, KANU 1, Wiper 1. Mgombea huru hana chama, kwa hiyo hana orodha na hapati chochote. Hata ukimtoa kwenye jumla na kugawanya kwa 46, mgao haubadiliki.

Viti 2 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu vinagawanywa kwa njia ileile, kila jozi peke yake. Kwa jozi, Jubilee ilistahili 1.02 na ODM 0.55, kwa hiyo kila mmoja alipata 1. Jumla ya mwisho ikawa Jubilee 34, ODM 20, ANC 3, KANU 3, Wiper 3, na Ford-Kenya, CCU, PDR na mgombea huru 1 kila mmoja. Ukijumlisha, 67.

Ndani ya hesabu hiyo fupi mna mambo matatu ambayo kwa kawaida hayasemwi majukwaani.

La kwanza, orodha haigeuzi mizani. Jubilee ilikuwa na asilimia 51 ya viti vya kaunti, na baada ya orodha ikabaki na karibu asilimia 51 ya Seneti nzima. Wanaosema viti vya orodha ni njama ya chama tawala hawajakaa na kalamu. Viliwekwa kwa sababu nyingine, kuwahakikishia nafasi wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na haja yake ilionekana mapema: uchaguzi wa 2013 haukutoa mwanamke hata mmoja aliyeshinda kiti cha seneta katika kaunti 47. Mwaka 2017 walishinda watatu, Susan Kihika wa Nakuru, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo.

La pili, orodha hufuata viti, haifuati kura. Chama kinaweza kuwa cha pili katika kila kaunti kuanzia Kwale hadi Turkana, kikakusanya mamilioni ya kura, na kisipate hata seneta mmoja maalum. Mfumo huu haumfuti machozi aliyeshindwa.

La tatu ndilo la ajabu zaidi. Kwa chama kikubwa, kupoteza kaunti moja mara nyingi ni kupoteza kiti kimoja tu. Tuseme mwaka 2017 kaunti moja ya Jubilee ingekwenda ODM, yaani 23 kwa 14. Rudia hesabu: Jubilee 7.83, ODM 4.77. Bado wanatoka na 8 na 5. Lakini tuseme KANU ingepoteza kaunti moja kati ya zake 2, ikaenda kwa Jubilee. KANU inashuka hadi 0.34 na inakosa kiti cha orodha, huku Jubilee ikipanda hadi 8.51 na kupata cha tisa. KANU inatoka 3 hadi 1. Jubilee inatoka 34 hadi 36. Kaunti moja, viti viwili vimehama. Kwa hiyo anayetaka kujua wapi mizani inaweza kuyumba aangalie vyama vidogo vyenye kaunti mbili. Tofauti kati ya kushinda moja na kushinda mbili ndiyo mlango wa orodha.

Vizingiti vitatu

Hapa ndipo swali la nani ana wengi linapogawanyika.

Kwa jambo lisilohusu kaunti, kila seneta ana kura moja, mteule sawa na aliyechaguliwa. Hoja hupita kwa wingi wa waliopo na waliopiga kura. Wote 67 wakihudhuria, unahitaji 34. Wakihudhuria 40, unahitaji 21 tu. Mahudhurio ni silaha hapa, na kiranja wa chama anayejua kazi yake huanza kupiga simu asubuhi.

Kwa jambo linalohusu kaunti, kanuni nyingine kabisa inaanza kazi, ile ya Kifungu cha 123. Maseneta wote waliosajiliwa kama wapiga kura katika kaunti fulani huwa ujumbe mmoja, na aliyechaguliwa na wananchi ndiye mkuu wake. Ujumbe una kura moja. Mkuu huipiga baada ya kushauriana na wenzake, lakini uamuzi ni wake. Hoja hupita ikiungwa mkono na wingi wa ujumbe wote, yaani 24 kati ya 47. Tazama neno wote. Kizingiti hakishuki kwa sababu watu hawakuja. Aliyeko hospitalini, aliyeko safarini na aliyejizuia kupiga kura, wote wanafanya kazi ile ile ya anayepinga.

Kwa kura za aina hii maseneta maalum 20 hawaongezi kitu kwenye jumla ya chama. Wanachangia mjadala, wanakaa kwenye kamati, wananong'oneza mkuu wa ujumbe, basi. Na kura za aina hii ndizo nyingi na nzito: fedha za kaunti, miswada inayogusa kazi za kaunti, kumtimua gavana. Mtu akikuambia muungano fulani una maseneta 36, muulize: wangapi kati yao ni wa kaunti?

Kizingiti cha tatu ni theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67. Hiki ni cha kumwondoa rais au naibu wake, kumwondoa Spika au naibu wake, na kubadilisha Katiba kupitia Bunge. Hapa wateule wanahesabiwa kikamilifu.

Rudi sasa kwa 2017. Jubilee ilikuwa na 34 kati ya 67 na 24 kati ya 47. Yaani ilikanyaga kizingiti cha kwanza kwa kiti kimoja, na cha pili pia kwa kiti kimoja, bila akiba popote. Vichwa vya habari viliandika kwamba Jubilee imeitwaa Seneti. Kwa hesabu ilikuwa kweli. Kwa vitendo, ilitosha seneta mmoja wa Jubilee kukasirika.

Na hawakukasirika mmoja tu. Mwaka 2020 Seneti ilijadili fomula mpya ya kugawa mapato kati ya kaunti. Pendekezo lilizipa uzito zaidi kaunti zenye watu wengi, na kaunti kadhaa za kaskazini na pwani zingepungukiwa. Lilikuwa jambo la kaunti, kwa hiyo 24 ilihitajika. Jubilee ilikuwa na 24 kwenye karatasi, lakini ndani ya hizo zilikuwamo Mandera, Garissa, Marsabit, Lamu na Tana River, na seneta wa Mandera hakuwa tayari kwenda kuwaeleza watu wake kwamba amepiga kura wapunguziwe fedha kwa sababu chama kimesema. Akajikuta upande mmoja na wenzake wa ODM kutoka Mombasa na Kilifi. Kura zilikwama kikao baada ya kikao kuanzia katikati ya mwaka mpaka Septemba 17, 2020, na zilifunguka pale tu ilipokubaliwa kwamba fedha zenyewe zitaongezwa ili pasiwe na kaunti ya kupoteza. Mwaka wa fedha uliofuata mgao wa kaunti ukawa shilingi bilioni 370.

Kwenye kizingiti cha 45 hali ni ya wazi zaidi: tangu Seneti hii ianze mwaka 2013 hakuna chama kimoja kilichowahi kukifikia. Aliyekuwa Naibu Spika, Kithure Kindiki, aliondolewa Mei 22, 2020 kwa kura 54 dhidi ya 7, Jubilee na ODM zikiwa pamoja. Oktoba 17, 2024 Naibu Rais Rigathi Gachagua alitimuliwa, na shtaka la kwanza likapata kura 54 vilevile. UDA, chama cha rais, peke yake haikuwa karibu na 45. Bila kura za upinzani shauri hilo lingeishia pale ukumbini. Aliyechukua nafasi ya Gachagua ni Kindiki huyohuyo, lakini hiyo ni siasa, si hesabu.

Mizani inavyosogea bila debe

Sheria inamfunga seneta kwenye chama kilichompeleka. Akijiuzulu chamani, au akionekana kwa mujibu wa sheria kuwa amejiuzulu, anapoteza kiti. Mgombea huru akijiunga na chama, naye anakipoteza. Kwa hiyo kuhama waziwazi ni nadra. Kinachohama ni vyama vyenyewe.

Chama kinaweza kutia saini mkataba wa muungano kabla ya uchaguzi au baada yake na kuuweka kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Hapo maseneta wake wanahesabiwa pamoja na washirika wapya, bila mpiga kura kuulizwa. Nafasi ya Kiongozi wa Wengi hutolewa na chama au muungano mkubwa zaidi, na muungano unaweza kumtoa yeyote miongoni mwao. Jubilee na KANU zilipotia saini mkataba mwaka 2020, 34 na 3 zikawa 37, na Poghisio akawa halali kuongoza kundi ambalo chama chake kilikuwa tone ndani yake. Murkomen alipinga, akidai mkataba haukupitishwa na vyombo vya Jubilee inavyotakiwa. Spika Ken Lusaka aliyakubali mabadiliko.

Mikataba ya baada ya uchaguzi haikosi kesi. Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa rais, ndiyo walio wengi katika bunge hilo, baada ya kuhesabu wabunge wa vyama vilivyoingia uchaguzini chini ya Azimio, muungano mpinzani, kisha vikavuka. Februari 2025 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo. Muhula ulikuwa umefika karibu nusu.

Kisha kuna ushirikiano usio muungano kisheria. Machi 7, 2025 UDA na ODM zilitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. ODM ilibaki upande wa wachache katika Seneti, Stewart Madzayo wa Kilifi akiwa Kiongozi wa Wachache, huku baadhi ya maseneta wake wakipiga kura na serikali na wengine, akiwemo Edwin Sifuna wa Nairobi, wakiikosoa waziwazi. Ukitaka kukisia kura itakwendaje katika hali kama hiyo, jina la chama halikusaidii. Itabidi ujue kaunti na mtu.

Kiti kikibaki wazi

Seneta maalum akifa, akijiuzulu au akiondolewa, hakuna uchaguzi. Anayefuata kwenye orodha ya chama hicho anaitwa. Mizani haiguswi.

Kiti cha kaunti ni jambo jingine. Spika ana siku 21 za kuiarifu IEBC, na uchaguzi mdogo unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kilipobaki wazi. Hapa chama kinaweza kubadilika. Seneta Boniface Kabaka wa Machakos, wa CCU, alifariki Desemba 2020. Machi 2021 Agnes Kavindu wa Wiper alishinda uchaguzi mdogo. Wiper ikawa na kaunti 3 badala ya 2, lakini viti vya orodha havikuhesabiwa upya, maana mgao wa orodha hufanywa mara moja tu, baada ya uchaguzi mkuu. Mara nyingine kiti hakibadiliki: Wetang'ula alishinda useneta wa Bungoma Agosti 2022, akauacha kwa ajili ya uspika, na Desemba mwaka huohuo Ford-Kenya ikakirudisha.

Kinachoharibika zaidi ni muda. Seneta William Cheptumo wa Baringo alifariki Februari 2025, wakati IEBC haikuwa na makamishna. Walipatikana Julai, na uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27, 2025. Kwa zaidi ya miezi tisa Baringo haikuwa na mkuu wa ujumbe. Sheria inamruhusu mkuu asipokuwepo amteue mwenzake ampigie kura, lakini kiti kikiwa kitupu hakuna wa kuteua. Na hata ukihesabu kaunti 46 zilizobaki, wingi wake ni 24 ileile, kwa hiyo wanaounga mkono hoja wamepungukiwa na kura moja ya kutafuta, na wanaopinga hawajapoteza kitu. Katiba pia inakataza uchaguzi mdogo ndani ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu. Kaunti itakayompoteza seneta wake kuanzia Mei 2027 itakaa bila kura hiyo mpaka Seneti mpya iapishwe.